Mti Uliao na Mdudu Atoaye Povu

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba kikubwa na kidogo, kionekanacho na kisichoonekana, wala hakuumba kitu chochote kwa mchezo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyeshika njia yao mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, waume kwa wake, katika darsa yetu iliyopita uliletwa mti katika mazungumzo. Aliyeuleta ni mzee mmoja wa mji wetu, mtu wa sala na wa kheri, aliyeuliza hivi: Pana mti shambani ambao watoa machozi wakati wa kiangazi, mbingu ikiwa nyeupe haina hata wingu. Watu wauendea na chupa na vikombe, wakinga maji yake, wajipaka nyusoni na kuwanywesha wagonjwa, na wengine wafunga vitambaa matawini na kuacha fedha shinani. Je, mti huu walia kwa nini? Na maji yake yana hukumu gani?

Suala hili si dogo, na mimi niandikaye sina haki ya kulicheka, kwani nami nilikuwa miongoni mwa waliobeba chupa.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana, mtoto wa dada yangu aliugua macho. Yalivimba yakawa mekundu, na asubuhi hayakufunguka mpaka yaoshwe. Jirani akatwambia habari ya mti kama huu, ulio kando ya shamba la minazi, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Dada yangu akanituma. Nilimkuta mzee ameketi chini ya mti juu ya kipande cha mkeka, na sahani ya fedha mbele yake. Nikamwuliza, "Mzee wangu, mti huu walia nini?" Akanijibu, "Mwanangu, hapa hapaulizwi. Aulizaye hapati." Nikanyamaza, nikatia fedha sahanini, nikakinga chupa yangu. Tukamtia mtoto maji yale machoni asubuhi na jioni, siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili tukampeleka hospitali kwa kuwa alikuwa halali kwa maumivu. Daktari alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia dada yangu kwa upole, "Mama, mngalimleta wiki ya kwanza." Jicho moja lilipona. La pili mpaka leo laona mwanga na kivuli tu. Mtoto yule sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na kila anigeuziapo uso ili anitazame kwa jicho lake zima, nakumbuka neno lile: aulizaye hapati. Naapa kuwa sikupata kusikia neno lililo mbali zaidi na dini yetu kuliko hilo.

Basi na tuulize.

Baada ya darsa ile, vijana wawili katika sisi walikwenda kwenye mti ule ulioulizwa, wakachukua ngazi na taa. Hawakuukata wala hawakumtukana mtu. Walipanda mpaka kwenye matawi membamba yanayodondosha, wakaona makundi ya wadudu wadogo, laini, hawana mbawa, wamejipanga ubavu kwa ubavu wakiwa wamekazana na gome kama watoto wanyonyao. Katika ncha ya nyuma ya kila mmoja lilikuwa likifanyika tone, likikua, likianguka, na jingine likifuata. Wakawaondoa wadudu katika tawi moja, na tawi lile likakauka papo hapo. Matawi mengine, yenye wadudu, yakaendelea "kulia". Hiyo ndiyo siri ya mti ambayo mzee wa mkekani hakutaka iulizwe.

Sasa tueleze habari za mdudu huyu kwa tafsili, kwa kuwa ndani yake mna ibra kubwa kuliko ile waliyoitafuta watu katika machozi ya uongo.

Wadudu hawa ni wa kabila moja na nyenze apigaye kelele mitini wakati wa joto. Wenye ilimu ya wadudu wamekwisha kuwaandika aina zipatazo 3,000 duniani. Hawana meno ya kutafuna. Kinywa chao ni mrija mwembamba kama sindano, ambao huuchoma ndani ya mmea mpaka kwenye mishipa. Na yatupasa tujue kuwa mmea una mishipa ya namna mbili: mmoja huteremsha chakula kitamu kilichopikwa na majani, na mwingine hupandisha maji kutoka mizizini. Wadudu wengi wafyonzao, kama vidukari, huchagua ule wenye utamu. Huyu wetu amejaaliwa riziki yake katika ule wa maji. Katika maji hayo zaidi ya sehemu 95 kwa 100 ni maji matupu, na chakula kilichomo ni kidogo mno. Basi hana budi anywe usiku na mchana ili apate shibe, na ayatoe maji mengi yasiyo na haja kwake. Mtoto wa mdudu huyu aweza kutoa kwa siku moja maji yenye uzito upitao mara 150 wa mwili wake. Mfikirie mtu wa kilo 60 ambaye angepitisha tani 9 za maji tumboni mwake kutoka alfajiri mpaka alfajiri! Hapo ndipo panapotoka "machozi" ya mti. Si machozi, wala si mvua, wala si jasho la walii. Ni maji yaliyopita tumboni mwa mdudu yakatoka kwa nyuma.

Tena, kuyanywa maji hayo si kazi nyepesi. Kila mwenye kisima ajua kuwa pampu ivutayo kutoka juu haiwezi kupandisha maji zaidi ya kiasi cha mita 10, hata iwe na nguvu namna gani. Na maji ndani ya mishipa ya mti hayasukumwi kutoka chini. Yavutwa na majani kutoka juu kwa nguvu, kama kamba iliyokazwa, na atakaye kuyanywa lazima ayavute kwa nguvu iliyozidi ile ya mti. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada walieleza kuwa mdudu huyu ana nguvu ya kuvuta ambayo ni sawa na mtu kunywa maji kwa mrija uliosimama wa urefu wa mita 100. Kichwani mwake mmejaa misuli ya kazi hiyo. Na kwa kuwa chakula chake ni haba, amejaaliwa ndani ya mwili wake vijidudu visivyoonekana kwa jicho, vinavyomtengenezea kile asichokipata katika maji. Ametakasika aliyempangia riziki katika mahali ambapo wengine wengi wamepapita.

Katika kabila hili wako ambao hawadondoshi matone, bali hujifunika povu. Huenda umeliona kwenye majani au kwenye vijiti vya magugu: povu jeupe, kama mate ya mtu, limeshikamana na kikonyo. Ukilifungua kwa unyasi utamkuta ndani mtoto wa mdudu, laini kabisa, asiye na silaha wala gamba gumu. Maji yatokayo nyuma yake huchanganywa na utelezi utokao mwilini mwake, kisha huchukua hewa kwa ncha ya tumbo, akiifungua na kuifunga kama mivuo ya mfua chuma, na kila mara kiputo kimoja huongezeka, mpaka nyumba yake ikamfunika mwili mzima. Hupumua kwa kutokeza ncha ile ile nje ya povu. Povu lamkinga na jua lisimkaushe, na lamficha na maadui. Hujivua ngozi mara tano, na katika mara ya mwisho hutoka na mbawa, akaliacha povu likikauka nyuma yake.

Na anapotoka ana ajabu nyingine. Mkubwa wake, ambaye kwa urefu hafiki hata upana wa ukucha wa kidole, ana miguu ya nyuma iliyotengenezwa kama upinde. Huikunja, huifunga kwa kufuli, huikaza misuli yake polepole, kisha huifungulia kwa ghafula. Mwaka 2003 Malcolm Burrows wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipima mruko wake, akaona kuwa mdudu wa milimita 6 huruka juu kufikia sentimita 70, kwa nguvu ipitayo mara 400 ya uzito wake. Ni kama mtu wa kimo cha kawaida angeruka karibu mita 200 kwenda mbinguni, akavipita vilele vya minara yetu yote. Kiroboto, ambaye watu walimpigia mfano kwa kuruka, yuko chini yake.

Wala msidhani, ndugu zangu, kuwa sisi peke yetu ndio tuliodanganyika kwa mdudu huyu. Wazungu waliliita povu lake mate ya ndege, na wengine mate ya chura, na wengine mate ya wachawi. Isidore wa Sevilla, mwanachuoni mkubwa wa Wakristo wa Hispania aliyekufa mwaka 636, aliandika kuwa nyenze huzaliwa na mate ya ndege. Karne nyingi watu walilikubali neno hilo bila ya kufungua povu na kutazama. David Livingstone, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1857, alieleza kuwa aliwaona wadudu hawa huko Angola juu ya miti ya jamii ya mkuyu, wako saba au wanane pamoja, na chombo kikiwekwa chini yao jioni, asubuhi hukutwa na maji ya kiasi cha lita mbili. Alijaribu kwa kulikata gome, akashindwa kuona maji yatokako, akadhani kuwa mdudu huyavuta hewani. Alikosea. Lakini yeye alitazama, akajaribu, akaandika, na waliokuja baada yake wakaweza kulisahihisha kosa lake. Akataja pia kuwa wenyeji walisema tone likiingia jichoni huleta uvimbe. Nilipoyasoma maneno hayo mara ya kwanza nilikifunga kitabu, nikakaa kimya kwa muda mrefu.

Huko Zimbabwe, Zambia na Afrika Kusini uko mti ambao kwa sababu ya wadudu hawa umepewa jina la mti wa mvua. Hudondosha kabla ya masika, hata ardhi iliyo chini yake huwa na tope wakati ambapo kila mahali pengine ni vumbi. Basi mti wetu si wa pekee, wala shamba letu halikuteuliwa.

Yuko atakayesema, "Mdudu mdogo kama huyu, apasa kuzungumzwa katika darsa ya dini?" Tunamjibu: Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara ametujulisha kuwa haoni haya kupiga mfano wa mbu. Ziko sura katika Qurani zilizoitwa kwa jina la nyuki, na chungu, na buibui. Na Al-Jahiz wa Basra, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, alitunga kitabu kikubwa juu ya wanyama, akaonyesha kuwa dalili ya Muumba katika kidudu kidogo si ndogo kuliko dalili iliyo katika ndovu. Sisi tumeurithi uma huo, lakini tumeacha kutazama, tukawa watu wa kukinga chupa.

Tena mdogo huyu ana madhara makubwa. Huko kusini ya Italia, katika nchi ya Puglia, mwaka 2013 iligunduliwa maradhi iliyokuwa ikikausha mizeituni. Kijidudu cha maradhi hiyo huishi ndani ya mishipa ya maji, na achukuaye kutoka mti mpaka mti ni mdudu wetu huyu wa povu. Mamilioni ya mizeituni yameangamia, na mingine ilikuwa imepandwa karne nyingi. Mzeituni ni mti uliotajwa katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu kuwa umebarikiwa, lakini wenye mashamba yale hawakupata nafuu kwa kuisifu baraka yake. Iliwabidi wajue mdudu ni nani, aishi wapi na hukua wakati gani, ndipo wakaanza kulima magugu chini ya miti kabla watoto wake hawajaota mbawa. Baraka haimwondolei mja wajibu wa kujua.

Sasa turudi kwenye hukumu. Mwaka wa 10 wa Hijra, ndio 632, alifariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume wetu (S.A.W.), na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema kuwa jua limehuzunika kwa kifo cha mwana wa Mtume. Tazameni: lau Mtume angalikuwa mtu wa kutafuta cheo, hiyo ndiyo iliyokuwa siku yake. Alikuwa amefiwa, na watu walikwisha kumpa karama bila ya yeye kuiomba. Naye alisimama akawakataza, akawajulisha kuwa jua na mwezi ni ishara katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ikiwa jua halikuhuzunika kwa mwana wa Mtume, mti wa shambani wamlilia nani?

Na juu ya miti khasa, imepokewa kuwa masahaba wapya katika Uislamu walimwomba Mtume awawekee mti wa kutundika silaha zao kwa tabaruki kama waliokuwa nao washirikina, akawakemea kwa ukali. Na mti wa Hudaybiya, ambao chini yake masahaba walimbai Mtume, yako mapokezi kuwa mwaka uliofuata baadhi yao hawakuutambua, na yako mapokezi kuwa Sayyidna Umar aliamuru ukatwe alipoona watu wauendea kwa kusali. Mapokezi yote mawili yaonyesha jambo moja: bora ya uma huu hawakuwa na haja ya mti.

Baadhi ya vijana wetu walishika neno hili la Sayyidna Umar wakataka waende na shoka. Tuliwazuia. Sayyidna Umar alikuwa kiongozi wa Waislamu, nao ni vijana wanaoingia katika shamba la mtu. Tena mkiukata mti huu leo na mioyo ikabaki kama ilivyo, kesho watu watautafuta mwingine, au watakiabudu kisiki. Mti haukukosa, wala mdudu hakukosa. Wao wamtii Mola wao kwa namna alivyowaumba. Kinachotaka kukatwa kiko vifuani mwetu.

Atasema msemaji, "Basi nyinyi mwakanusha baraka? Na Zamzam je?" Hasha. Zamzam twaiamini kwa kuwa Mtume ametufundisha, na mvua twaipokea kwa furaha kama alivyoipokea yeye. Lakini baraka haithubutu kwa kusikia jirani asema. Iliyothubutu kwa dalili twaishika. Isiyokuwa na dalili, na sababu yake ikaonekana kwa jicho juu ya ngazi, twaiacha. Na kuhusu maji yenyewe, mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wamehesabu mkojo wa wanyama kuwa ni najisi. Basi mwenye kujitahadharisha na dini yake asitawadhe kwa maji haya, wala asiyapake usoni, sembuse kuyanywa au kumtia mtoto machoni.

Wala hatumwiti kafiri mama aliyekwenda na chupa. Dada yangu alikwenda kwa mapenzi na kwa hofu, na hofu ya mama haina ukomo. Lawama ya kwanza ni yetu sisi tunaohesabiwa kuwa tumesoma. Tulipita chini ya miti hii tukajua kuwa kuna jambo lisilo sawa, tukanyamaza tusije tukawaudhi wazee, au tusije tukakosa mwaliko wa karamu. Wengine katika sisi waliambiwa moja kwa moja, wakajibu, "Waacheni watu na itikadi zao." Kunyamaza huko ndiko kulikomgharimu mtoto jicho, si mdudu.

Basi, ndugu zangu, twausia mambo haya. Ukiona mti wadondosha wakati wa jua, mwite mwanao, mpandishe au mshushie tawi, mwonyeshe mdudu, umwambie habari zake, kisha mseme pamoja Subhanallah. Hiyo ni ibada, na ni somo la bure. Aliye na mgonjwa ampeleke kwa daktari mapema, kwani Mtume wetu ametuamrisha kujitibu, na dua haizuii dawa wala dawa haizuii dua. Fedha uliyotaka kuitia sahanini chini ya mti, mpe yatima au mnunulie mtoto kitabu. Na ukimsikia mtu akikwambia kuwa aulizaye hapati, jua kuwa ana kitu akifichacho, hata awe amevaa kilemba. Dini hii imetuamrisha tuwaulize wenye kujua tukiwa hatujui.

Ewe Mola wetu, tufungulie macho yetu tuone ishara zako katika kidogo kama tuzionavyo katika kikubwa. Usitujaalie kuwa wenye kuipotea haki kwa uvivu wa kutazama, wala wenye kuificha kwa hofu ya watu. Waponye wagonjwa wetu, uwasamehe wazee wetu na sisi pamoja nao. Amin.

Wabillahi taufiq.